Viwanja vilivyoachwa pori Dodoma: vifutwe au vitozwe?

Mleta mada, Nzuguni

Mbukwenyi wadau. Naleta jambo ambalo mtaani kwetu limeshafikishwa kwenye mkutano wa mtaa mara mbili, na mara zote mbili tumetawanyika bila kukubaliana.

Kwenye mstari wetu kuna viwanja 14. Vyote vimepimwa, bikoni za mipaka zipo. Nyumba zinazokaliwa ni tano. Vilivyobaki ni miiba, majani yanayofika kiunoni masika, na taka za watu wasiojulikana. Mimi nilinunua 2017, mwaka mmoja baada ya Rais Magufuli kutangaza hapahapa Dodoma kwamba Serikali inahamia. Nilihamia kwenye nyumba isiyo na plasta. Umeme ulipokuja, nguzo ya karibu ilikuwa ng'ambo ya viwanja vinne vitupu. Mnajua bei: ukiwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo unalipa laki tatu na kitu, ukihitaji nguzo moja tu unavuka laki tano. Bomba la maji nalo limevuka viwanja hivyohivyo, na mchango wa kuchonga barabara tumeulipa kaya tano. Usiku vibaka hujificha kwenye vichaka hivyo. Binti yangu anatoka kazini saa mbili usiku, mimi nasimama getini na tochi mpaka nimwone.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Kiwanja cha jirani kushoto kimeuzwa mara tatu tangu nihamie. Hakuna aliyeweka hata tofali. Kila kilipouzwa bei ilikuwa kubwa kuliko ya mwanzo, na kilichoipandisha si jasho la aliyekuwa akikimiliki. Ni Mji wa Serikali wa Mtumba, ni treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, ni barabara ya mzunguko wa nje, na ni sisi watano tuliovuta umeme na maji mpaka pale. Dalali anapoleta mteja humwambia, "huduma zote zimefika." Zimefikishwa na nani?

Mkutanoni kuna waliosema viwanja vifutwe wapewe watakaojenga. Hati zetu zina sharti la kuendeleza ndani ya miezi 36, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa Rais mamlaka ya kufuta miliki ya aliyevunja masharti au kuitelekeza ardhi. Wengine wakasema mtu kanunua kwa fedha yake, aachwe. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao. Ufutaji ni njia ndefu, una notisi na mashauri, na akishafutiwa mmoja wengine kumi wanapona kwa kujuana. Kumwacha nako ni kumlipa kwa kutufanya tuishi na vichaka.

Nasema atozwe. Kodi ya majengo tunalipa kupitia umeme wa LUKU tangu 2021. Ilianza Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda hadi Sh 1,500. Kiwanja kitupu hakina nyumba, hakina mita, kwa hiyo hakilipi kodi hiyo hata senti. Kinadaiwa pango la ardhi tu, yaani kodi ya kila mwaka ya kiwanja chenyewe. Yaani aliyejenga analipa vyote viwili, aliyesubiri analipa kimoja. Napendekeza pango la kiwanja kilichopita miezi 36 bila kujengwa lipande kila mwaka kufuata thamani ya ardhi ya eneo hilo, na fedha irudi mtaani huohuo kwenye barabara na mitaro.

Karibuni. Mnipinge kwa hoja.

Mwalimu, Mpwapwa

Dada, pole kwa binti. Lakini mimi ndiye huyo unayetaka kumtoza.

Nina kiwanja Nala, futi zake nazijua kama vidole vyangu. Nilikilipia kwa awamu kutoka kwenye mshahara, kila likizo nikishusha tofali mia tatu, nne. Sasa zimefika elfu moja na mia nane, na nyingine zimeanza kuoza kwa mvua. Miezi 36 inatosha kwa mwenye mkopo wa benki au biashara. Mwalimu mwenye watoto wawili sekondari hajengi kwa miezi 36. Anajenga kwa miaka kumi, kumi na miwili. Ukinipandishia pango kila mwaka nitauza, na atakayenunua ni mtu ambaye tayari ana viwanja tisa. Utakuwa umemwondoa mwenye nia ukamwachia mwenye subira ya pesa.

Dalali, Kisasa

Nipo kwenye kazi hii tangu enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikigawa viwanja hapa, kabla haijavunjwa 2017. Naomba niseme ukweli wa sokoni.

Zamani hati za hapa zilikuwa za miaka 33, mteja kutoka Dar akisikia hivyo anageuza gari. Zilipoanza kutolewa za miaka 99, watu wakaja kuhifadhi fedha, si kujenga. Sasa hivi mteja anapanda treni asubuhi, anaona viwanja vitatu, jioni yuko kwake. Simlaumu. Fedha benki inaliwa na makato, ng'ombe anakufa kwa ukame, duka linafilisika. Ardhi haiozi.

Hoja yako ya kutoza naielewa, ila kuna mlango wa uani. Mwenye viwanja tisa havijaandikwa jina lake vyote. Kimoja cha mke, kimoja cha mtoto wa darasa la nne, kimoja cha shemeji aliyeko Singida. Ukisema "kiwanja cha kwanza kina msamaha," utakuta watu wote wana kiwanja cha kwanza. Na ukisema "aliyeanza kujenga asitozwe," njoo nikuonyeshe misingi ya Ihumwa na Iyumbu. Kozi tatu za tofali na kibanda cha choo, miaka sita haijaongezwa kitu. Imejengwa kwa ajili ya mkaguzi.

Mpangaji, Ng'hong'honha

Mimi sina kiwanja, nina chumba na sebule. Nilikuja kusoma UDOM nikabaki. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 Jiji la Dodoma limetoka watu laki nne na kitu hadi laki saba na sitini na tano elfu. Sote hao tunalala mahali. Kodi ya chumba changu imepandishwa mara mbili bila hata dirisha kubadilishwa. Wasiwasi wangu ni mmoja: kodi yoyote mtakayobuni, mwenye nyumba ataniletea mimi.

Mleta mada

Mdogo wangu, hapo nikujibu haraka kwa sababu hofu yako ina msingi. Ukipandisha kodi ya majengo, ndiyo, mwenye nyumba anaweza kukusukumia. Lakini kiwanja kitupu hakina mpangaji. Atamsukumia nani, miiba? Njia yake ya kupunguza mzigo ni kujenga au kumuuzia atakayejenga, na nyumba zikiongezeka wewe unapata pa kuchagua.

Mwalimu, wewe umenigusa. Nimelala nikiwaza tofali zako. Siwezi kukuweka kapu moja na aliyenunua akauza mara tatu bila kushuka kwenye gari. Naona tofauti iko hapa: wewe kiwanja hukiuzi. Basi nyongeza isidaiwe kila mwaka taslimu, iandikwe tu kwenye kumbukumbu za kiwanja. Ukijenga ukahamia, inafutwa. Ukiuza kikiwa kitupu, inalipwa yote siku ya kuhamisha hati. Hapo hata watoto wa darasa la nne hawamsaidii mtu, maana hatuhesabu jina, tunahesabu kiwanja. Na misingi ya kuzugia haisaidii, maana kipimo ni nyumba inayokaliwa, yenye mita ya umeme. Ile LUKU inayotutoza sisi ndiyo iwe shahidi.

Wala hatuhitaji kuanza sheria upya. Sheria ya Ardhi yenyewe inasema pango likipangwa lizingatie ukubwa wa eneo, matumizi yake, na thamani ya ardhi kama inavyoonekana kwenye mauzo ya eneo lile. Viwango elekezi vya thamani viko kwa Mthamini Mkuu wa Serikali.

Dalali, Kisasa

Hiyo ya kulipwa siku ya kuhamisha hati itazaa mauziano ya pembeni. Watu watauziana kwa karatasi ya mwenyekiti, hati ibaki kwa jina la zamani. Hilo nimeliona likifanyika hata sasa ili kukwepa kodi ya mauzo. Halafu mnunuzi wa tatu anakuja kuibiwa kwa sababu mwenye jina amefariki na warithi wamekataa.

Mzaliwa wa Ipagala

Nimesoma yote. Mnagombania nani afaidi bei. Naomba niwaambie bei hiyo ilianzia wapi.

Baba yangu alilima uwele na karanga mahali ambapo leo kuna viwanja vya watu. Tulikuwa na tembe, zizi, mizabibu michache na mbuyu uliokuwa mpaka wetu na wa baba mdogo. Walipokuja kupima, 1994, nilikuwa darasa la tano. Nilishika mwisho wa kamba. Waliandika tembe, wakaandika zizi, wakahesabu mashina ya mizabibu. Shamba lenyewe hawakuliandika. Mzee akauliza, "Na udongo?" Akaambiwa udongo hauna bei, ni mali ya umma.

Sikuja kumlaumu aliyeshika kalamu siku ile. Sheria ya utwaaji ardhi ya 1967 ndivyo ilivyosema: unalipwa ulichojenga na kupanda, ardhi tupu hailipwi. Ni sheria za 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, ndizo zilizotamka kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Mzee wangu aliondolewa miaka saba kabla ya mabadiliko hayo. Tulihamia upande wa Mpunguzi.

Udongo uliokosa bei 1994 leo unauzwa kwa mita ya mraba. Nilipita pale mwezi uliopita. Vipande viwili vya lile shamba bado ni pori. Tuliondolewa ili mji ujengwe, na mji haujajengwa juu yake. Kama shamba lingebaki na sisi tungeshavuna uwele mara thelathini.

Kwa hiyo, dada wa Nzuguni, mimi nataka vifutwe. Sharti la miezi 36 liliandikwa kwenye hati, mtu akasaini. Sisi tulitii amri ya kuhama bila kusaini chochote. Kwa nini aliyesaini anabembelezwa?

Mwalimu, Mpwapwa

Kaka, hili la kwako nalinyamazia kwa heshima. Nauliza tu: vikifutwa, vinakwenda kwa nani? Nikifikiria utaratibu wa kuomba viwanja ulivyo, mwenye fedha tayari mkononi ndiye anayemaliza malipo ndani ya muda. Mzee wa Mpunguzi hatakuwa kwenye foleni hiyo.

Mzaliwa wa Ipagala

Ndiyo maana sisemi vifutwe tu. Kilichofutwa kirudi kwanza kwa familia iliyotolewa pale. Orodha za fidia zipo, majina ya wazee yamo. Na arudishiwe kwa gharama ya upimaji, si kwa bei ya leo. Akishindwa kujenga, sharti limbane kama linavyombana mwingine. Hatuombi upendeleo wa milele.

Na kwa wanaotolewa sasa, huko pembezoni mji unakokwenda, mwenye shamba abakiziwe viwanja ndani ya shamba lake lilelile likishapimwa, hati iwe ya jina lake. Fidia ya fedha inaisha kwa ng'ombe wawili na bati. Kiwanja kinapanda bei pamoja na cha jirani yake.

Mleta mada

Nimekaa na maneno haya tangu jana. Kiwanja changu mwenyewe, kabla ya bikoni, kilikuwa shamba la nani? Nimeishi hapa miaka yote hii na sijawahi kuuliza. Leo nimemuuliza mama anayeuza mboga za mlenda kona ya juu. Akanitajia ukoo, na akanionyesha mahali kisima chao kilipokuwa. Ni kiwanja kile cha kushoto, kilichouzwa mara tatu.

Nabadilisha pendekezo nitakalolipeleka mkutanoni. Nyongeza ya pango ibaki, iandikwe kwenye kiwanja na ilipwe kikiuzwa kitupu. Kwa mauziano ya pembeni, dalali, sina dawa kamili. Labda mwenyekiti akatazwe kabisa kugonga mhuri kwenye mauzo ya ardhi yenye hati. Lakini nyongeza iwe na kikomo. Ikipita miaka kumi na kiwanja bado pori, kifutwe, na familia iliyotolewa iulizwe kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwalimu, miaka kumi inakutosha?

Mwalimu, Mpwapwa

Weka kumi na miwili, na tofali zilizoko eneo la ujenzi zihesabiwe kuwa ni dalili ya kuendeleza. Kwa masharti hayo nanyosha mkono.

Mzaliwa wa Ipagala

Mimi siungi mkono kumi na miwili. Mzee wangu ana themanini na moja.