Naomba ushauri: nampeleka baba, mvuvi mstaafu, Lisbon

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi Juni nampeleka babangu, mvuvi mstaafu wa Mji wa Kale Mombasa, Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa siku 4. Umri wake wote ameitazama Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Sasa anataka kuiona Belém, mtaa wa Lisbon alikong'oa nanga Vasco da Gama mwaka 1497, na makumbusho ya mabaharia yaliyo kwenye jengo la monasteri ya Jerónimos.

Kinachonitatiza ni Alfama, mtaa wa kale wa Lisbon. Usiku wa tarehe 12 Juni, mkesha wa Mtakatifu Antonio, sadini huchomwa kwa makaa vichochoroni, na hilo ndilo analolitamani kuliko yote. Lakini magoti yanamsumbua, na mtaa ule ni ngazi tupu. Tufikie huko huko, au chini karibu na mto Tagus?

Halafu bacalhau. Samaki huyo hukaushwa kwa chumvi, kama ng'onda wetu, kisha hulowekwa siku moja au mbili maji yakibadilishwa. Mwenye presha anaweza kumla? Na kombe wasiotiwa mvinyo tuwaulizie vipi? Mzee hagusi kilevi hata kwenye mchuzi.