Bima ya fundi bomba: ada imepanda kwa theluthi na sijawahi kulipwa hata senti

Wakuu, nimekuja na hasira, mnivumilie. Barua ya kuhuisha bima yangu ya biashara imeingia jana jioni, magoti bado yamelowa, natoka kuzibua mtaro wa maji machafu. Ada imepanda kwa theluthi nzima. Miaka sita nalipa bila kuchelewa, miaka sita hawajanilipa chochote wala hawajamlipa mtu yeyote kwa ajili yangu. Nikadhani wamechanganya faili. Nikapiga simu, dalali akanijibu kwa upole kabisa: "Fundi, mwaka huu una tukio."

Tukio lenyewe ni hili.

Nilifunga koki ya sinki la jikoni kwa mteja. Koki alinunua mwenyewe, na ile mipira miwili ya kupeleka maji, iliyovikwa wavu wa chuma, ilikuja nayo ndani ya boksi. Miezi minane baadaye akanipigia kwamba mbao za chini ya kabati zimevimba. Nikaenda, nikaingiza kichwa kabatini, tochi mdomoni, nikapitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo. Hakuna kipimo kinachoishinda karatasi: pale inapolowa doa, umemkamata mwizi wako. Viungo nilivyokaza mimi vyote vikavu. Doa likatokea kwenye nati ya plastiki ya mpira wa maji ya moto, ina ufa mwembamba kama unywele pale uzi wake unapoanzia, na ni upande ule ambao kiwanda chenyewe ndicho kilichoufunga, si mimi. Tone moja kila sekunde nne hivi. Mnaona ni kidogo, lakini pigeni hesabu: matone 15 kwa dakika, zaidi ya 21,000 kwa siku, ambayo ni kama lita moja ya maji inayoingia kwenye mbao kila siku bila mtu kusikia kitu.

Sasa mkataba wangu unataka nitoe taarifa mara moja kwa jambo lolote linaloweza kuzaa dai. Nikatii kama mtoto wa shule. Nikaandika barua, nikaambatanisha picha za nati. Mteja akamalizana na aliyemuuzia koki, bima haikutoa hata nauli ya mkaguzi, faili likafungwa. Nati ninayo mpaka leo kwenye droo, ndani ya mfuko wa nailoni. Na faili hilo hilo, lililofungwa bila malipo, ndilo leo linaitwa "tukio". Kwa hiyo nikinyamaza nimevunja mkataba, nikisema napandishiwa ada. Nikamuuliza dalali, basi kuna faida gani ya kuwa mkweli? Akasema mfumo ndivyo unavyosoma. Mfumo! Kana kwamba ulishuka wenyewe kutoka mbinguni.

Hilo la tukio ningelimeza. Kinachonikaa kooni ni namna wanavyopiga hesabu ya ada yenyewe, na hapa naomba mafundi wenzangu mkatoe hati zenu mkasome, kwa sababu wengi tunasaini ukurasa wa mwisho tu.

Ada yangu inahesabiwa kwa mauzo ghafi. Si kwa kazi niliyofanya, si kwa idadi ya viungo nilivyokaza, ni kwa kila pesa iliyopita kwenye ankara zangu. Mwaka jana nilipata kazi ya kufunga heta kubwa za maji kwenye jengo la wapangaji. Heta nanunua mimi, nazibeba mimi, namuuzia mwenye jengo karibu kwa bei ile ile niliyonunulia. Kazi yenyewe ilinichukua siku chache. Pesa iliyobaki mikononi mwangu ni ya ufundi wa siku hizo, lakini kwenye karatasi za bima nimegeuka tajiri: mauzo yamevimba, na ada nayo ikavimba. Mwenye jengo angezinunua mwenyewe, ada yangu ingekuwa ndogo, na viungo vingekuwa vile vile, vimekazwa na mkono huu huu. Jamani, bei ya heta haivuji. Kinachovuja ni kiungo.

Halafu kuna ujanja wa mwisho wa mwaka. Unaanza kwa kulipa ada ya makadirio. Mwaka ukiisha wanataka mauzo halisi. Yakizidi makadirio, unaongeza. Yakipungua, kuna kiwango cha chini ambacho hakirudi hata kama ulilala nyumbani mguu umevunjika. Panda wanahesabu, shuka wanakaa kimya.

Tuje kwenye moto, maana hapo ndipo mimi na dalali tulipandishiana sauti. Fundi bomba anapangwa kwenye kundi la hatari kubwa kwa mambo mawili, maji na moto. Moto kwa sababu ya kulehemu bomba za shaba. Sawa, sibishi. Risasi ya kulehemu isiyo na madini ya risasi (jina la ajabu, najua) inayeyuka karibu na nyuzi joto 230, lakini mwali wa gesi ya propani unaoiyeyusha unakaribia nyuzi 1,900, na nyuma ya bomba kuna mbao, vumbi, na sufi ya kuzuia joto. Mbao inaweza kufukuta ndani ya ukuta kimya kimya, moto ukaja kuonekana wewe umeshafika nyumbani na umeshavua viatu. Ndiyo maana mikataba inakutaka uwe na kizima moto pembeni, ufunike kinachoweza kushika moto, kisha ukimaliza usiondoke, ubaki ukiangalia nusu saa au hata saa nzima. Ukiruka sharti moja, nyumba ikiungua ni juu yako. Na ile saa ya kukaa ukitazama ukuta, mteja halipi, bima hailipi.

Nikaamua kuachana na moto. Nimenunua mashine ya kubana viungo, ile inayominya shaba juu ya pete ya mpira bila kuwasha kiberiti. Bei yake ilinifanya nikose usingizi. Miaka miwili sasa sijawasha gesi kwenye kazi hata mara moja. Nikamwambia dalali aandike hivyo, aondoe kazi za moto kwenye mkataba, ada ishuke. Akarudi na jibu: kazi za moto tumeziondoa kwenye kinga. Ada? Ile ile. Nimebaki mdomo wazi. Yaani nalipia kundi la watu wanaochezea moto, na mkataba wangu umeandikwa kwamba moto haunihusu.

Na si moto peke yake. Chukueni hati zenu mtafute sehemu ya mambo yasiyolipwa. Uvujaji wa polepole, wa muda mrefu, kwa wengi umetolewa au umebanwa. Uchafuzi unalipwa ukiwa wa ghafla tu. Mitaro yenye kina kinachozidi kiwango chao imetolewa. Kazi yenyewe mbovu haimo: kiungo changu kikiachia na kuharibu sakafu, wanalipa sakafu, lakini kubomoa ukuta na kurudia kiungo ni mfukoni mwangu. Hilo la mwisho naliona ni haki, fundi arekebishe kosa lake. Lakini uvujaji wa polepole? Ndugu zangu, maji yakipasuka kwa kishindo mtu anafunga koki kuu ndani ya dakika tano. Hasara kubwa ninazozijua mimi zimetoka kwenye tone lisilosikika. Ndilo tunalolihofia, ndilo linalotupandishia ada, na ndilo hilo hilo wamelitoa.

Vifaa navyo. Nilikata bima ya vifaa kabla ya kununua hiyo mashine ya kubana. Sikuongeza thamani, nikasahau. Rafiki yangu mmoja ndiye aliyenishtua: ukikatia nusu ya thamani halisi, wanatumia kanuni ya uwiano, hata ikiibiwa spana moja unalipwa nusu ya spana. Tena utoe ile sehemu ya mwanzo unayobeba mwenyewe, unabaki na mpini. Na vikilala ndani ya gari usiku, soma tena, huenda havimo kabisa.

Nisionekane mpumbavu anayesema bima yote ni wizi. Najua kwa nini tunaihitaji. Bomba la ghorofa ya nne likiachia, maji hayaombi ruhusa, yanashuka mpaka ya kwanza. Na mwenye nyumba aliyekatiwa bima akishalipwa na kampuni yake, kampuni hiyo inashika nafasi yake na kuja kukudai wewe fundi. Mteja anaweza kuwa rafiki yako, amekusamehe, mmepeana mikono, bado barua ya wakili itakufikia. Bila bima hiyo barua inakula gari, vifaa na akiba. Ndiyo maana nalipa. Ninachokataa ni kulipia hatari, kisha hatari yenyewe ichomolewe kwenye karatasi.

Wakati natafuta pa kushikia nikakutana na kesi moja ya zamani. Mahakama Uingereza, mwaka 1766, Carter dhidi ya Boehm. Carter alikuwa gavana wa ngome huko kisiwani Sumatra, Indonesia ya leo, akakatia bima endapo adui wa kigeni ataiteka. Wafaransa wakaiteka 1760. Boehm, mtoa bima wake, akagoma kulipa, akidai hakuambiwa kwamba ngome ilikuwa dhaifu. Jaji Mansfield akasema maneno ambayo watu wa bima hadi leo wanayapenda: mkata bima lazima aseme ukweli wote. Hiyo ndiyo nusu wanayotusomea sisi. Nusu nyingine hawaisomi, kwamba Carter alishinda, kwa sababu mtoa bima hawezi kulalamika kuwa hakuambiwa jambo ambalo alijua au alipaswa kulijua mwenyewe. Nilimsimulia dalali. Akaniuliza kama nataka kulipa kwa mkupuo au kwa awamu. (Kwa awamu kuna riba juu, kama mlikuwa hamjui.)

Bado sijagusa wakandarasi wakubwa. Hao hawakuruhusu kuingia langoni bila cheti cha bima, na kiwango cha kinga wanachodai ni kile kile, uwe unafunga mfumo mzima wa jengo au unabadilisha valvu mbili za choo. Kwa hiyo mwaka mzima nabeba kiwango kikubwa kwa ajili ya kazi mbili tatu zao. Ukirudi kwa wateja wa kawaida, unashindana na fundi asiye na cheti chochote, ambaye bei yake iko chini kwa sababu hiyo tu. Mteja anakuuliza, "Fundi, una bima?" Unamwonyesha. Anafurahi, anakupongeza, kisha anampigia yule mwingine.

Sasa naomba msaada, si pole. Kwanza, kuna yeyote humu aliyefanikiwa kuhesabiwa ada kwa gharama ya kazi badala ya mauzo ghafi, au walau kutoa gharama ya heta na vifaa vikubwa kwenye mauzo? Uliandika nini, na uliwapelekea hesabu za namna gani? Pili, faili la taarifa lililofungwa bila malipo: kuna aliyewahi kulifuta kwenye rekodi, au kuwafanya waandike wazi kwamba mwenye kosa alikuwa mwingine? Mimi nina picha, nina barua ya mteja, na nati yenyewe ninayo. Tatu, ukihamia kampuni nyingine, ile kazi ya miaka iliyopita inabaki na kinga ya mkataba wa zamani au inakufa nao? Wangu unaangalia siku uharibifu ulipotokea, lakini nimeambiwa kuna inayoangalia siku dai lilipopelekwa, na hiyo ukihama vibaya unaachwa uchi.

Mkataba wangu unaisha Ijumaa ijayo. Jumatatu naingia kazini kwa mkandarasi, na mlinzi wake wa getini anauliza cheti kabla ya salamu.

NYONGEZA: Kwa aliyeniuliza kwa nini nisingeikataa ile mipira ya boksi na kufunga ya kwangu: nilimwambia mteja, akasema mipya haijafunguliwa, ya nini kuongeza gharama. Sikuandika popote kwamba nilimwonya. Hapo nakubali, nilikosea mimi.