Cherehani ya Lali

*Kikundi: Ukoo wa Mkomani*

Lali: Assalaam alaykum jamaa. Nataka shauri kabla pesa haijatoka mfukoni. Nimepata kazi ya nyumba moja ya wageni Shela: mito ya baraza, magodoro ya mashua yao, yote turubai na paipini pembeni, ule ukingo wa kamba iliyovishwa kitambaa. Na mifuko yangu ya ngozi iko pale pale. Cherehani ya nana, ile Butterfly, haiwezi tena. Kuna mtu Mombasa anauza hii. [picha]

Mwanakombo: Wa alaykum salaam. Butterfly usiisingizie, ndiyo iliyokulisha wewe na mimi.

Lali: Siisingizii dada. Lakini ngozi ikikunjwa mara mbili inaruka mishono, na turubai ikifika kwenye paipini inasimama kabisa, mpaka niizungushe kwa mkono.

Swafaa: Kwani hii ya picha si Juki? Juki nasikia ndiyo yenyewe.

Lali: Ameandika "Juki ya ngozi, makochi, turubai, kila kitu". 45,000 na meza yake.

Ami Shee: Wa alaykum salaam. Lali, isogeze picha. Hapo mbele chini ya jina pameandikwa nini?

Lali: DDL-8700

Ami Shee: Hiyo ni ya mashati.

Lali: 😳

Ami Shee: Ni cherehani nzuri sana, sisemi mbaya. Inakwenda mishono 5,500 kwa dakika ikiachiwa. Wewe mfuko wa ngozi unaushona mbio hizo uende wapi? Inavuta kitambaa kwa meno ya chini tu, sawa na Butterfly. Tofauti ni mbio.

Fumo: Ami, lakini si inategemea nguvu ya mota? Yule jamaa atasema mota ni kubwa.

Ami Shee: Wote husema hivyo. Subirini nifunge duka, nitaandika vizuri. Nina viti vya tuktuk viwili hapa mwenyewe anangoja.

Bi Zainabu: Shee huko Malindi hujaacha kazi za usiku. Umekula?

Ami Shee: Nimekula dada, alhamdulillahi.

Mwanakombo: Wakati tunangoja, Lali, sindano unatumia ipi kwenye Butterfly? Maana nakuona na namba 14 ile ile ya kanzu.

Lali: 16

Mwanakombo: Tia 18 ya ngozi, yenye ncha ya kukata. Uzi usiwe mnene mno. Ngozi laini mbili za kibeti itashona, kwa kuzungusha polepole. Ila ukikosea hapo hakuna kufumua, tundu limeshakatwa. Na usibane kwa pini, tumia klipu za nguo.

Lali: Kibeti sawa. Mkoba wa safari wenye kamba tabaka nne je?

Mwanakombo: Huo hapana.

Ami Shee: Haya. Sikilizeni, na wewe Fumo uliye karibu na maduka usikilize zaidi.

Jambo la kuuliza ni moja: cherehani inavutaje. Nguvu ya mota inakuja baadaye. Ya kawaida ina meno chini na mguu juu umetulia. Ukitia leksini, ile ngozi ya bandia, au ngozi yenyewe, tabaka la chini linakwenda na meno, la juu linang'ang'ania mguu. Ukifika mwisho wa godoro kipande cha juu kimebaki kirefu, unakata, unalaani. Na ngozi inatoka na alama za meno upande wa chini.

Unayoitaka wewe ni ile ya miguu miwili inayotembea, na sindano nayo inatembea. Sindano inazama, mguu wa ndani unashuka unabana, kisha sindano, mguu wa ndani na meno vinasogea nyuma pamoja. Vikimaliza, mguu wa nje unashika kazi isiteleze mpaka wa ndani uinuke urudi mbele. Ni kama mahamali wawili na kabati kwenye ngazi zetu za Lamu: mmoja akishika, mwengine anapanda. Sindano ikiwa ndani ya kitambaa wakati wa kuvuta, tabaka la juu na la chini haziachani hata ziwe sita.

Sasa wapo wanaouza yenye mguu unaotembea lakini sindano haitembei, inapanda na kushuka tu. Hiyo ni nusu. Kwa turubai utapona, kwa ngozi nene utarudi kunililia.

Swafaa: Ami umeandika risala.

Fumo: Mimi nimeelewa. Majina yake sasa?

Ami Shee: Juki DNU-1541. Consew 206RB. Singer za zamani 111W155 kama utaikuta haijachezewa. Hizo zote zinavuta kwa vitu vitatu pamoja: meno, sindano na mguu. Ile 1541 haipiti mishono 2,500 kwa dakika, na mguu ukiinua kwa goti unafika milimita 16. Mshono mrefu kabisa milimita 9. Ukiona ya 1541S, hiyo S ina kinga ya ndani: uzi ukijisokota, chini kunaachia badala ya kuvunja.

Swafaa: Mimi nina neno. Lali watu wanamjua kwa mifuko. Mbona asichukue ile ya mkono wa silinda, unauvalisha mfuko kama soksi? Nimeona video, inazunguka pembe zote.

Lali: Na mimi moyo uko huko wallahi.

Ami Shee: Godoro la mashua ni la urefu gani?

Lali: Karibu mita mbili.

Ami Shee: Likae wapi kwenye mkono mwembamba ule? Litaning'inia, uzito wake unavuta mshono, mstari unapinda. Kuna kibao cha kuongezea pembeni lakini hakifiki meza kamili. Aliyekupa kazi sasa hivi ni wa mifuko au wa magodoro?

Lali: Magodoro.

Ami Shee: Basi.

Swafaa: Na mifuko?

Mwanakombo: Mfuko unashonwa bapa kabla haujafungwa. Mifuko ya nje, zipu, kamba, bitana, vyote bapa. Kinachobaki ni mshono wa mwisho wa pembeni. Unashona ndani-nje kisha unageuza, au huo mmoja anamalizia kwa mkono. Hata sasa si anafanya hivyo?

Lali: Nafanya hivyo.

Swafaa: Haya nimeshindwa, lakini silinda ni nzuri, nasema tu. Ikija pesa nyengine tutaijadili.

Fumo: Na makubadhi je? Hiyo cherehani itashona soli?

Ami Shee: Utepe wa juu ndiyo. Soli na wayo wake hapana, unene ule una mashine yake nyengine kabisa. Kubadhi liacheni kwenye mkono na msumari.

Lali: Kuna fundi viatu Langoni anataka kuniachia ile yake ya kuzungusha kwa mkono, ya Kichina, bei rahisi.

Ami Shee: Ya kiraka. Mguu wake unageuka pande zote, ndiyo raha yake: unatia mdomo ndani ya kiatu unashona unakotaka. Lakini bobini yake ni ndogo kama kidole. Paipini ya godoro moja utabadilisha bobini mpaka uchoke. Ichukue kama una pa kuiweka, isiwe ndiyo cherehani yako.

Bi Zainabu: Mimi nauliza jambo moya tu. Hilo dude litakaa wapi?

Lali: Nilifikiri chumba cha juu mama.

Bi Zainabu: Yuu hakuna. Ngazi ile jeneza tu hupita kwa dua. Na usiku mtu amelala chini anasikia tratratra kichwani.

Mwanakombo: 😂😂

Ami Shee: Meza yake ni kama futi nne kwa futi moja na nusu na kitu, na haikunjwi. Kichwa kinatolewa, meza inapita pekee yake. Lakini mama yenu kasema kweli, weka chini. Karibu na mlango.

Bi Zainabu: Kwenye daka la mlangoni aweke, upande wa kushoto. Wa kulia ni wangu na wageni wangu.

Lali: Dakani mvua ya kusi haitaingia?

Mwanakombo: Mvua si neno, chumvi ndiyo. Hewa ya bahari inakula chuma kimya kimya. Kila jioni kitambaa chenye mafuta kwenye bamba na mguu, halafu gubika na kitambaa cha pamba. Nailoni usigubikie, inafungia unyevu ndani. Butterfly ya nana ina umri kuliko sisi sote na bamba lake linang'aa.

*Jumamosi*

Fumo: Niko dukani, Mombasa. Kifurushi cha vipande vya Lali vya kujaribia kilifika kwa basi jana. Ziko mbili, zote mtumba: Juki DNU-1541 na Consew 206RB. Juki laki na kumi, Consew themanini na tano.

Ami Shee: Usiwashe chochote. Zungusha gurudumu kwa mkono, lije upande wako. Pole pole.

Fumo: Naam.

Ami Shee: Kuna mahali pagumu?

Fumo: Juki inateleza. Consew kuna mahali pazito kidogo halafu panaachia.

Ami Shee: Shika fimbo ya sindano, itikise kushoto kulia. Inacheza?

Fumo: Zote hapana.

Ami Shee: Toa bamba, piga picha ile ndoana ya chini, karibu. Nataka kuona ncha.

Fumo: [picha] [picha]

Ami Shee: Ya kwanza safi. Ya pili ina mikwaruzo, sindano iliwahi kuigonga. Sasa mwambie awashe, utie vipande VYAKO, si vyake. Vya duka ni vipande vyepesi, cherehani yoyote itashona. Turubai tabaka nne, upande paipini ushuke, bila kuvuta kwa mkono. Ukivuta kwa mkono unaisaidia na hutajua.

Fumo: Mwenye duka ananiangalia kama mkaguzi wa kodi.

Swafaa: Mwangalie na wewe 😂

Fumo: Juki: [picha] Imepanda paipini, imeshuka, sioni tofauti ya mishono. Consew: [picha] hapo kwenye mlima mishono mitatu minne imejaa pamoja, halafu inarudi sawa.

Lali: Nimeona. Ndiyo ile ile ya Butterfly.

Ami Shee: Si ile ile. Hiyo miguu yake haijarekebishwa kimo, haiinuki ya kutosha kupanda. Fundi anarekebisha. Lakini ndoana na pale pazito, hapo ndipo pesa yako itakapokwenda. Sasa ngozi kwenye Juki. Mshono umpe milimita nne.

Swafaa: Mbona mrefu hivyo?

Ami Shee: Ngozi si kitambaa. Sindano inatoboa tundu lisilojifunga. Matundu yakikaribiana, kamba ya mkoba ikivutwa inakatika pale pale kwenye mstari.

Fumo: [picha] Mbele sawa. Nyuma uzi unalegea, kuna vitanzi vidogo.

Ami Shee: Uzi wa juu umelegea, kaza kidogo. Ametia uzi gani?

Fumo: Anasema nailoni, unene namba 138. Sindano namba 18.

Ami Shee: Sindano 18 ni ya uzi 69! Kwa 138 atie 22 au 23. Tundu dogo uzi mnene, utakazaje.

Fumo: Amebadilisha. Sasa vizuri. [picha] Nyuma na mbele huwezi kujua upi ni upi.

Lali: Mashaallah.

Mwanakombo: Fumo mwambie akupe sindano za aina mbili. 135x16 ni za ngozi, 135x17 za kitambaa. Urefu mmoja, zinaingia cherehani hiyo hiyo, ncha ndiyo mbalimbali. Ya ngozi Lali asiishonee turubai, inakata nyuzi. Na uzi wa mito ya nje achukue poliesta. Nailoni inachakaa upesi kwa jua, mito ya baraza ya Shela inashinda juani kutwa.

Lali: Nailoni nimenunua tayari rola tatu 🙄

Mwanakombo: Itakwenda kwenye mifuko. Haiozi.

Ami Shee: Fumo, mota. Soma kibandiko.

Fumo: Ya klachi. 380V. Fezi 3.

Ami Shee: Nilijua. Ilikuwa ya kiwandani. Nyumbani stima ni fezi moja, 240, hiyo haiwaki. Mwambie aitoe atie ya sevo, ya 550W inatosha. Klachi inanguruma muda wote hata hushoni, stima inakwenda bure, na ukiikanyaga kidogo inaruka. Sevo inakimbia unapokanyaga tu, na unaiwekea mwendo wa chini kabisa, mshono mmoja mmoja. Kwa ngozi hilo ndilo unalolitaka.

Bi Zainabu: Kwa hiyo haitapiga kelele?

Ami Shee: Ukiwa hushoni kimya, dada.

Bi Zainabu: Basi hiyo.

Fumo: Anasema sevo ni pesa juu.

Ami Shee: Mwambie mota yake ya fezi 3 abaki nayo, atamuuzia mwenye kiwanda. Wewe unanunua inayowaka. Simama hapo usiondoke.

Swafaa: Lali, malipo ya mwanzo ya Shela ni ngapi?

Lali: 60,000. Na nina 35 zangu.

Swafaa: Turubai na sponji utanunua kwa nini basi? Weka 20 pembeni. Mimi nakuongezea 15, unirudishie wakilipa. Nimeandika, usije ukasahau.

Mwanakombo: Mimi 10, na mkoba mmoja 😌

Fumo: Amekubali laki moja kamili, Juki na meza na sevo, na bobini kumi na pakiti mbili za sindano. Lakini sevo inafungwa Jumatatu.

Ami Shee: Usimalize kulipa leo. Mwachie kidogo ya kushika, Jumatatu urudi uione inawaka na sevo, uzungushe tena kwa mkono. Andika namba ya kichwa kwenye risiti, isije ikabadilishwa.

Fumo: Nimeandika na nimepiga picha.

Lali: Safari je? Basi mpaka Mokowe kisha boti?

Fumo: Kichwa kikae pekee yake, kwenye kreti na godoro kuukuu. Meza pekee. Nitampa kondakta.

Ami Shee: Sindano itolewe, mguu ushushwe juu ya kipande cha ngozi. Kreti isilazwe. Basi likipita Malindi nitalingoja stendi niifunge vizuri zaidi.

Bi Zainabu: Kwenye boti asimwachie mtu. Aende mwenyewe Mokowe aje nayo, avae na mtandio wa kugubikia maji yasirukie.

Mwanakombo: Mtandio wa nani?

Bi Zainabu: Wako.

Lali: Nimempigia Lomeo wa punda, Jumatano asubuhi jeti ya mbele. Meza itabebwa na mahamali, punda hawezi kupinda nayo kwenye uchochoro wa msikitini.

Swafaa: Pesa nimetuma, Lali. Angalia simu.