"Kwangu inafanya kazi": leo nimechoka, wakuu!

Wakuu, natetemeka kwa hasira. Yule bwana mnamjua, kila ofisi ya programu anaye. Yule wa "nimemaliza kila kitu, nyie andikeni vagrant up mkanywe chai". Vagrant ni programu ya kuunda mashine pepe (VM), yaani kompyuta ndani ya kompyuta, na skripti inaiwekea vitu vyote. Leo nimeandika. Chai imepoa, imeota ukungu, ukungu umezaa wajukuu, mashine haijasimama!

Skripti yake inafika kwenye apt-get install, amri ya kusakinisha programu, hajaweka -y ya kujibu "ndiyo" mapema. Ubuntu, mfumo wa hiyo mashine, inauliza tuendelee? Humo ndani nani wa kujibu? Inajikatia. Naweka -y, sasa inatafuta faili kwenye /home/ yenye jina lake YEYE, ndani ya VM yangu! Humo mtumiaji anaitwa vagrant, yeye kahamia lini? Destroy (futa mashine), anza upya, bando linateketea.

Nikamuuliza kikaoni. Macho kwenye simu, akajibu: "Kwangu inafanya kazi."

Mbele ya bosi! Na bosi akatikisa kichwa, akanitazama mimi!

Kwako itaachaje kufanya kazi, wakati vitu vyote ulishaviweka kwa mkono zamani? Vagrant huendesha skripti pale tu mashine inapoundwa. Ukiiwasha tena hairudii mpaka uiambie --provision. Hajawahi kuijaribu kwenye mashine mpya hata siku moja! Halafu macho kwenye simu, "kwangu inafanya kazi". Mbele ya bosi!

Kokoto: Yaani -y tu ndiyo imekuliza hivi?

Mleta uzi: Soma uzi vizuri! Nimesharekebisha. Nasema alivyonijibu MBELE YA BOSI.

Binti Mbagala: Ahamie Ansible, programu ya kusanidi mashine, moduli zake nyingi zinaangalia kwanza kama kitu kipo. Wa kwetu anaandika echo >> .bashrc, faili la mipangilio ya terminal, kila provision (skripti ikiendeshwa) mstari unaongezeka. PATH yangu, orodha ya folda za kutafutia programu, ndefu kuliko foleni ya Ubungo.

Kobe Mzee: Mnadeka. Kwetu maelekezo yote ni voice note za WhatsApp, na aliyezituma kashaacha kazi.

Kokoto: Voice note ina afadhali. Kwetu nywila ya databesi imebandikwa kwenye friji.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada.

Chura wa Mto: VirtualBox, ile inayoendesha mashine pepe za Vagrant, inakubali kwenye Mac ya M1 (chipu ya ARM)?

Kobe Mzee: Kuanzia toleo la 7.1, la 2024. Ila box, ile mashine ya kuanzia unayopakua, iwe ya ARM.

Chura wa Mto: Asante mzee. Mwenye M1 anayeuza aje PM, nina hela taslimu.