Mjadala: Vijana wa mafuta Shimanzi wapimwe mmoja mmoja, au kipima hewa cha ukutani kinatosha?

Mleta mada: Salaam wanajamvi. Kila tukizungumzia afya ya wanaopakia mafuta hapa Shimanzi, Mombasa, hoja ni ileile: yadi ina kipima hewa ukutani, yatosha. Nakataa.

Tazameni wanaojaza roketi mafuta kule Marekani. Mafuta hayo, haidrazini, ni sumu na hunuka kama amonia, lakini pua huanza kuisikia ikifika sehemu 3 hadi 4 kwa milioni ya hewa. Kikomo kinachopendekezwa na ACGIH, chama cha wataalamu wa afya kazini huko, ni sehemu 0.01 kwa milioni kwa zamu ya saa 8. Ukiisikia, ushapita kikomo mara 300. Ndiyo maana NASA, shirika lao la anga za juu, ilitumia beji zenye vanilini, kemikali ya harufu ya vanila: zikikutana na mvuke zinageuka manjano, juu ya nguo ya mtu mwenyewe.

Shimanzi hakuna haidrazini. Kuna petroli, na ndani yake benzini iletayo saratani ya damu. Kijana akiinama juu ya lori kuchungulia tangi, mvuke unampiga usoni. Kipima hewa kiko mbali ukutani, tena upepo waweza kuwa unavuma upande mwingine. Kitasoma nini?

Msimamizi wa zamu: Ndugu yangu, beji ya benzini si kama hiyo ya NASA. Haigeuki rangi. Ina mkaa ndani, lazima ipelekwe maabara. Nani atalipia watu wote, kila siku?

Mleta mada: Sikusema kila siku, kaka. Tuanze na wanaofungua vifuniko, hasa wakati wa kaskazi, joto likizidisha mvuke. Alipe mwajiri, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 imemtwika yeye jukumu. Na majibu apewe aliyevaa beji, yasifungiwe kabatini. Watu wa mtaa wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, walipokwenda kortini kwa sumu ya madini ya risasi, damu za baadhi yao zilikuwa zimepimwa. Mahakama ya Juu ikairudisha fidia yao ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2024. Huyu wa Shimanzi akiugua miaka 15 baadaye, atamwonyesha hakimu karatasi gani?

Kibarua: Na sisi tunaoitwa getini asubuhi, tusio na mkataba? Beji itaandikwa jina la nani?

Mleta mada: Lako, na nambari ya kitambulisho chako. Msimamizi, hili unalipinga?