Bunduki ya Duck Hunt haipigi kwenye TV ya flati, na hivi hii gemu ilikuwa ndogo hivi siku zote?

MtotoWaKambi
Wadau habari za jioni. Nilikuwa kwa wazee Jinja, mama akasema toa makatoni yako juu ya kabati ama nachoma, kufungua nakuta ile gemu yetu ya zamani, ile ya kichina iliyojifanya Nintendo, pedi mbili, kaseti ya manjano imeandikwa 9999999 in 1 (uongo mtupu, ni magemu machache yanajirudia rudia) na BUNDUKI yake iko nayo. Banange. Sisi tulikulia kwenye kota za jeshi na safu yetu nzima hakukuwa na gemu nyingine, watoto wa maafande wote wanajaa sebuleni kwetu kupanga foleni mpaka mama anatutoa na ufagio.

Sasa nimekuja nayo Kampala nimechomeka kwenye flati kwa waya wa AV, picha imekuja safi, Duck Hunt, ile gemu ya kuwinda bata, imewaka, mbwa akanusa nusa akaruka kwenye majani, bata wakapaa, napiga hakuna. Nimegusisha mpaka mtutu kwenye kioo bado hakuna, mbwa ananicheka tu. Pedi zinafanya kazi, Contra inaenda vizuri. Swali la kwanza, bunduki imekufa? La pili na ndilo linanisumbua zaidi, hayo magemu mengine nimecheza nikachoka haraka sana. Tulikuwa tunapigania nini pale sebuleni?

FundiRedio_Ndeeba
Boss bunduki yako labda ni nzima kabisa, TV ndiyo haielewani nayo. Watu wengi wanadhani bunduki inatoa miale inaenda kupiga kioo, hapana, haitoi kitu chochote, yenyewe inapokea. Ndani kuna lenzi na kijicho cha kuhisi mwanga basi. Ukivuta, gemu inafanya kioo chote kiwe cheusi kidogo sana, halafu pale alipo bata inachora boksi jeupe. Kijicho kikiona giza kwanza halafu weupe, umeua. Kisipoona, mbwa anacheka. Bata wakiwa wawili boksi la kwanza linatoka peke yake kisha linafuata la pili, ndiyo gemu inajua umempiga yupi.

Sasa hayo yote yanapita ndani ya fremu chache, na TV inachora fremu 50 ama 60 kwa sekunde kutegemea mfumo. TV za chogo, zile nene, zilikuwa zinachora picha palepale ishara inapoingia, mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Flati inapokea picha, inaikusanya, inaipanua ienee kwenye kioo, inaisafisha, ndiyo inakuonyesha. Huo ucheleweshaji macho yako hayauoni lakini gemu imeshafunga hesabu, boksi likitokea hakuna anayelingoja tena. Juu ya hapo bunduki orijino za Nintendo zina saketi ya kuchuja, zinakubali mwanga wa TV za zamani tu. Kwa hiyo usiifungue hiyo bunduki, utaharibu kizima.

Mkongwe_Arua
Fundi nakubali lakini sisi huku Arua tulikuwa tunalenga balbu ya nyumba na bata wanaanguka. Hiyo unaielezaje?

FundiRedio_Ndeeba
Mzee wangu kwa Duck Hunt sikubali 😂 ndiyo maana inaanza na kioo cheusi. Kijicho kikiona mwanga wakati inatakiwa giza, inajua unaiba, inakunyima. Labda ilikuwa gemu nyingine kwenye hiyo kaseti, kuna zingine hazikaguagi.

Mkongwe_Arua
Bata walianguka ssebo. Nilikuwepo.

Anyway kwa swali la pili la kijana. Gemu ilikuwa ndogo, ndiyo, Duck Hunt yote nzima ni kilobaiti 24, picha moja ya "habari za asubuhi" unayotumiwa kwa WhatsApp inaishinda mara nyingi. Ilitoka Japani 1984, kaseti za wakati ule hazikuwa na nafasi, kwa hiyo wakaweka mambo matatu: bata mmoja, bata wawili, na vile visahani vya kulenga vinavyorushwa hewani. Ila ndogo siyo rahisi. Mwanzo unatakiwa uue 6 kati ya 10, raundi zinavyopanda idadi inapanda na bata wanaongeza kasi, ukifika raundi ya 20 lazima wote 10, kosa moja nje. Ukienda mpaka 99 hakuna zawadi, inayofuata inajiita raundi 0 na bata wanaruka kama wamerogwa. Nani kati yetu alifika? Sisi stima ilikuwa inakatika raundi ya sita. Ile miaka ya 2005, 2006 maji ya ziwa Victoria yalishuka, lodi shedi (mgao wa umeme) siku yako ikifika unazima kila kitu unaenda kucheza mpira.

Na mbwa hauawi, watu waache kudanganya watoto. Ile ya mashine za kulipia sarafu, VS. Duck Hunt, ndiyo unaweza kumpiga, ya nyumbani hapana.

DadaWaBusia
Nyinyi wote mmesahau jambo kubwa. Kwenye ile ya bata mmoja, PEDI YA PILI INAMWENDESHA BATA. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote nyumbani, kaka zangu hawanipi bunduki hata siku moja, wananipa pedi wakidhani wananinyamazisha, kumbe nikibonyeza bata anakata kona. Wamekaa miaka wanalalamika bunduki mbovu na mimi nimetulia tu kwenye mkeka nakula mandazi. Nilikuja kuwaambia kwenye kwanjula yangu (sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani) mbele ya wakwe.

Kwa hiyo kaka MtotoWaKambi kama unaicheza peke yako usiku baada ya kazi lazima uchoke. Hiyo ilikuwa gemu ya watu saba na bunduki moja, sita wanapiga kelele. Contra nayo hivyohivyo, ukijua njia inaisha hata nusu saa haifiki, utamu ulikuwa mwenzako akikuibia maisha unamsukuma kwenye kochi.

MtotoWaKambi
Ati pedi ya pili??? Mdogo wangu alikuwa anashika ile pedi kila siku. Nampigia simu sasa hivi.

Fundi asante nimeelewa. Je hakuna adapta ya kufanya ipige kwenye flati? Ama niweke emuleta (programu ya kuigiza mashine ya gemu) kwenye simu niachane nayo?

Kijana_wa_Bweyogerere
Emuleta ya simu unagusa bata kwa kidole, ni ujinga, hata mbwa anakuonea aibu. Nintendo waliirudisha kwenye mashine yao ya Wii U 2014, unalenga na rimoti ya Wii, hiyo inapiga kwenye flati bila shida ila duka lao la mtandaoni la Wii U lilifungwa 2023, kuinunua haiwezekani tena. Kuna bunduki za siku hizi kama Sinden zina kamera ndani, zinasoma fremu nyeupe pembeni mwa picha, ila zinataka kompyuta na bei siyo ya mshahara wetu.

FundiRedio_Ndeeba
Adapta ya AV kwenda HDMI haisaidii, inazidisha kuchelewa. Tafuta chogo. Matangazo ya TV ya analogi yalipozimwa 2015 wengi walizitupa ama wakaweka stoo, na bajeti ya 2009 ilishakataza kuingiza TV zilizotumika, kwa hiyo ziko zilezile zilizobaki majumbani. Uliza kwa mafundi wa Katwe ama kwa wajomba vijijini, inchi 14 inatosha na boda anaibeba. Usichukue ile iliyoandikwa 100Hz, hizo zinachakata picha kwanza na bunduki inagoma vilevile. Iwashe mbele ya muuzaji, iache dakika kumi uone kama picha haipungui. Na kifuniko cha nyuma usiguse hata ikiwa imechomolewa, ndani inabaki na volti za kukurusha. Halafu soma kibandiko chini ya gemu yako, volti ngapi na chanya iko upande gani, kabla hujachomeka adapta ya kuokota, juzi wameniletea mbili zimeungua kwa sababu hiyo.