Kabichi Kibada: samadi ya kuku imeunguza miche, sasa urea niweke kiasi gani?

Wakuu habari. Nina miche kama 400 hapa Kibada, Kigamboni, mchanga mtupu. Kila shimo niliweka viganja viwili vya samadi ya kuku, bado ya moto. Mingi iliungua, roho iliniuma. Iliyobaki ina wiki 4, majani ya chini yanageuka njano. Urea ninayo.

— Pole sana mkuu. Huo mchanga haushiki mbolea, ukimwagilia kupita kiasi naitrojeni inazama chini. Weka kizibo kimoja cha soda kwa mche, mbali kidogo na shina, fukia, mwagilia jioni hiyohiyo. Ukiiacha urea juu na jua hili la Dar, inageuka gesi ya amonia na kupotea hewani.

— Nakubaliana naye. Ila urea ni naitrojeni 46%, kali. Rudia kidogo kabichi zikianza kufunga vichwa, kisha acha kabisa. Mimi nilizidisha, vichwa vikapasuka, mteja wangu wa Temeke akavikataa. Na samadi ya kuku irundike miezi mitatu, uigeuzegeuze, ipoe ndipo uipeleke shambani.

— Asanteni ndugu zangu. Jioni hii naanza na tuta la kisimani.